Taja Shida Yako kwa Ufupi

Nimeuza nyanya Ilula, nimechunga ng'ombe wa watu Usangu, nimepakia mbao Mbeya mjini. Kote huko sikukutana na mtu anayeogopa salamu, mpaka nilipofika kwenye ofisi ya utumishi ya kiwanda kimoja cha kufungasha parachichi, si mbali na Nyololo.

Niliingia hapo nimeshika upande mmoja wa kioo. Upande wa pili alikuwa fundi aluminiamu aliyenitoa Mbeya. Tulikuwa tumeitwa kukata ofisi katikati: makarani wabaki ndani, wafanyakazi wabaki nje, na kati yao kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti.

Mkuu wa utumishi, kijana aliyevaa suti hata siku za vumbi, alitueleza sababu bila kuulizwa. Alikuwa amekaa ofisini wiki nzima na saa ya simu yake, anapima. Akagundua kwamba watu wa huku wakija kuomba likizo wanaanza na kamwene, ndiyo salamu ya huku, wanapita za nyumbani, za watoto, za mvua, mahindi yameshikaje, na ndipo wanafika kwenye likizo yenyewe. Akaandika ripoti. Salamu zilikuwa zinakula muda wa idara, na yeye aliletwa kuboresha taratibu. Alizungumza kama mtu aliyegundua mchwa kwenye paa.

Nilimuuliza kama saa yake iliweza pia kupima yale ambayo makarani walikuwa wanayajua kutokana na hizo salamu: nani mgonjwa, nani kajifungua, nani kafiwa. Alinitazama, akamuuliza fundi kama gundi ya kioo itawahi kukauka kabla ya Jumatatu.

Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini napenda kujua vitu vinavyofanya kazi na visivyofanya. Kwa hiyo fundi alipoondoka mimi nilibaki. Walihitaji mtu wa kukaa mlangoni na kuwaonyesha watu mashine ya namba, maana mashine hiyo nayo ilikuwa maboresho. Unabonyeza, inatoa kikaratasi, unakaa kwenye benchi mpaka namba yako iitwe. Juu ya kioo palibandikwa tangazo kubwa: TAJA SHIDA YAKO KWA UFUPI. Na nyuma ya yote hayo palikuwa na kompyuta ambayo, mfanyakazi asipoonekana siku kadhaa bila taarifa, inamwandika mtoro na kumwondoa kazini yenyewe. Mkuu aliipenda sana hiyo sehemu. Alisema haina huruma wala upendeleo. Nilijua watu wa namna hiyo pia, na hakuna aliyewapa suti.

Mwezi haukuisha, akaja mzee mmoja kutoka Kilolo. Kofia mkononi, koti la kanisani, viatu vimepigwa rangi juu ya tope. Nilimwamkia, akaitikia, nikamwonyesha mashine. Alikipokea kile kikaratasi kwa mikono miwili.

Namba yake ilipoitwa alisogea kwenye tundu akasema, "Kamwene."

Karani alikuwa binti wa huku huku, mtu wa Mafinga, anayejua kabisa mtu mzima anaamkiwaje. Lakini mkuu alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema, "Shida yako, mzee."

Mzee akarudia kamwene. Binti akamwonyesha tangazo kwa kidole. Mzee akalisoma polepole, akamtazama yule binti, akasema kwa upole, "Mwanangu, mimi bado sijafika."

Binti alishusha kidole. Aliandika kitu kwenye kompyuta, akaita namba inayofuata. Baadaye nilichungulia: alikuwa ameandika hana shida.

Kwa wageni niseme tu hivi. Kwetu huku habari ya msiba haitupwi kupitia tundu. Mjumbe anapokelewa, anakalishwa, anaulizwa za alikotoka, na hapo ndipo anaifungua. Ukiitaja kabla hujapokelewa umemdharau marehemu. Wala haitumwi kwa simu kama watu wapo wa kutumwa. Mzee yule alirudi kwenye benchi akakaa, akisubiri mtu wa ofisi amkaribishe. Alikaa mpaka wakafunga.

Nilimsindikiza hadi barabarani, tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chai. Tukaulizana za nyumbani mpaka zikaisha. Ndipo akaniambia kwamba mdogo wake amefariki, wamemzika, na mjane yuko ndani hadi matanga yatakapoanuliwa. Mjane huyo alikuwa mchambuaji wa parachichi kiwandani kwetu. Alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili kumtazama mumewe mgonjwa. Mzee ametumwa kuwaambia watu wa kazini kwamba mwenzao atarudi, wamwekee nafasi yake na chumba chake cha kambini, kwa sababu watoto wake wanasoma pale na hana kwingine.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye tundu nikasema yote kwa ufupi, kama tangazo linavyotaka. Binti aliinama. Mkuu ndiye aliyejibu, kwamba taarifa ya mfanyakazi inatoka kwa mfanyakazi au kwa mtu wake, na mtu wake alikuja jana, kwenye mfumo imeandikwa hakuwa na shida. Alinigeuzia hata skrini nione. Nimeona watu wajinga wengi barabarani, lakini wengi wao hawakuwa na ushahidi wa ujinga wao na kuuonyesha kwa fahari.

Yule mjane alirudi matanga yalipoisha, kichwa kimenyolewa, khanga nyeusi. Kadi yake ikakataa getini. Mlinzi akamruhusu aje ofisini, akachukua namba, akaambiwa kupitia tundu kwamba ni mtoro, ameshaondolewa, na chumba akiachie kufikia Jumamosi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa kwenye benchi palepale alipokuwa amekaa shemeji yake.

Mfiwa akirudi kazini, wenzake humpa pole. Hilo halikuwa kwenye ripoti ya mkuu. Wanawake wa kwenye mstari wa kuchambua waliposikia yuko ofisini, waliacha parachichi zikajazana wakaja. Mama mmoja mnene, mcheshi wa pale kiwandani, aliinua mkono kuwazuia wenzake mlangoni. "Jamani, taratibu ziliboreshwa. Kila mtu achukue namba."

Wakachukua. Mmoja mmoja akaitwa, mmoja mmoja akafika kwenye tundu na kutaja shida yake kwa ufupi: nimekuja kumpa pole mwenzangu. Kisha anakwenda kwenye benchi, anampa mkono, anakaa. Foleni ilitoka nje ikafika kwenye maua. Mashine ikaishiwa karatasi. Nikaulizwa kama ipo nyingine. Nikasema nitaitafuta, nikakaa.

Nje malori yenye majokofu yalikuwa yananguruma bila mzigo, na hilo ndilo lililomtoa meneja wa kiwanda ofisini kwake. Msiba haukumtoa. Aliuliza kuna nini, akaambiwa, akamwambia mkuu wa utumishi amrudishe mama huyo mara moja, mstari uendelee. Mkuu akamrudisha. Kisha akaandika ripoti nyingine kwamba mfumo umefaulu kubaini changamoto ya mawasiliano, na kupendekeza maboresho ya awamu ya pili.

Awamu ya pili ilikuwa kupanua tundu.

Fundi akaja tena kutoka Mbeya, mimi nikashika kioo, akakata mpaka mkono ukaweza kupita. Nilikuwa nakusanya vipande chini alipokuja yule mjane kuchukua kadi mpya. Binti akaipitisha. Mama hakuichukua. Alipitisha mkono wake, akaushika wa binti, akatulia hivyo. Mkuu alikuwa nyuma na simu yake. Binti alivuta kidogo, mkono haukuachiwa.

"Shikamoo, mama," akasema mwishowe. "Pole na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Za hapa?"

Binti akaanza kumwambia za hapo. Mkuu akatazama saa. Niliondoka na fundi jioni ileile, na tulipopita dirishani mama alikuwa bado ameushika mkono wa binti.