Msonobari wa Mbele ya Baraza

Mtunza bustani yule hakuwahi kuutia mkasi msonobari mfupi uliosimama katikati ya bustani, mbele ya baraza. Kila mwaka aliyavunja machipukizi yake kwa vidole, moja moja, kucha nyeusi kwa utomvu. "Taratibu, bi harusi," aliuambia. Basi akaugua wiki mbili, na mama mwenye nyumba, kwa nia njema kabisa, akaukata kwa mkasi wa kukatia michongoma ya ua mpaka matawi ya mbele yakabaki vigongo vitupu.

"Shikamoo mzee! Umeona nilivyokupunguzia kazi?" alimpokea mtunza bustani siku aliyorudi kazini.

Mzee alishika kigongo kimoja, kisha kingine.

"Si utachipua tu, kama michongoma?"

"Huu hauchipui pasipo na majani, mwanangu. Ulipokata ndipo basi tena."

Miaka kumi na mmoja ya kuutunza kwa vidole, imepotea kwa asubuhi moja! Mzee akauzunguka mti polepole, halafu akaliburura benchi la wageni hadi upande wa nyuma, ambako kijani kilikuwa kimesalia.

"Wageni tutawakalisha hapa," alisema, akaketi yeye kwanza, akiutazama upande wenye kijani.