Slaidi za Picha Tupu

Nilipokuwa nafundisha sekondari jirani na soko la Kariakoo, niliwaambia wanafunzi wangu watengeneze slaidi mtandaoni kuhusu kazi za wazazi wao, waje kuzionyesha siku ya wazazi. Binti mmoja aliniletea picha tupu: mama yake akipanga vitenge dukani, akipima, akikunja.

"Ongeza maelezo," nilimwambia.

"Mwalimu, mama hasikii, na kusoma hajui. Nataka naye aelewe."

Mama yule alikuwa hakosi kikao cha wazazi, anakaa nyuma na kutabasamu, nami nikidhani ni mpole tu.

Siku ilipofika nilimkalisha mbele. Picha ya tatu ilipotokea ukutani alisimama, akaligusa ua la kitenge, akamwashiria mwanawe kwa mikono.

"Anasema kitenge hiki nilikigeuza nilipompiga picha, maua yanaangalia chini," binti alitueleza.

Ukumbi ulicheka, na mama akacheka kuliko wote. Hakurudi kukaa. Alieleza kazi yake kwa ishara, picha baada ya picha, binti akitutafsiria. Walipomaliza nilimwomba binti anifundishe ishara ya asante, nikamwendea mama yake.