Mpini Humchanaje Mtu?

Wanafunzi walimwita Mama Methali, na wala hakuchukia. Alifundisha Kiswahili tangu hajaolewa, na hakuna jambo lililompita bila kulitafutia msemo. Mumewe, fundi cherehani, hupenda kusema kuwa kwao hata ugomvi huanza na "wahenga walisema".

Mwaka mmoja akaja mkuu mpya wa shule, mwanamke mpole asiyejua kurudi nyuma. Akawaita walimu wote.

"Kilimo na mazingira si kazi ya mwalimu mmoja," akasema. "Kila mtu atafute mlango wa kuyaingiza katika somo lake."

"Hesabu haina mlango wa matope," akanung'unika mwalimu wa hesabu, aliyeitwa Bwana Sifuri kwa ukarimu wake wa kuzigawa.

Mama Methali akacheka. Yeye aliona kazi yake imekwisha kabla haijaanza. Methali za shamba alikuwa nazo tele. Kesho yake akaandika ubaoni: *Achanikaye kwenye mpini hafi njaa.* Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mpini ni nini?"

"Ule mti wa jembe, wa kushikia."

"Sasa unamchanaje mtu?"

Mama Methali akaugeukia ubao, akaisoma upya methali. Alizaliwa mjini, akaolewa mjini. Majembe aliyaona dukani tu.

"Sijui," akasema hatimaye. "Tutoke tukaone."

Nyuma ya madarasa palikuwa na mteremko wa majani makavu. Wakaazima majembe kwa mlinzi, wakalima kwa zamu, wakapanda kunde na mchicha kwa mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Viganja vikatoka malengelenge, ya mwalimu yakiwa makubwa kuliko yote, na methali ikaeleweka bila maelezo.

Miche ilikuwa imeanza kupendeza mvua kubwa iliponyesha katikati ya kipindi. Ilipokatika, wakatoka mbio. Bustani haikuwapo. Udongo mwekundu ulikuwa umelala mlangoni mwa ofisi ya walimu, na miche ndani yake. Yule msichana akalia. Jioni baba yake akamsubiri mwalimu getini.

"Mwalimu, nimemleta mwanangu asome, si arudi na matope hadi masikioni."

"Anasoma, baba."

"Anasoma nini?"

Swali hilo akaondoka nalo moyoni. Asubuhi akamkuta Bwana Sifuri barazani akikwangua viatu.

"Mwenzangu, maji yamenishinda."

"Mistari mliichora vipi?"

"Imenyooka, juu hadi chini."

"Basi mliyachongea maji barabara, nayo yakapita! Mngekatiza mteremko, kila tuta likae usawa mmoja toka mwanzo hadi mwisho." Akautazama mteremko. "Hebu nitafutie miti mitatu na kamba."

Akawatoa wanafunzi wake nje. Wakafunga miti miwili ya urefu sawa ikakutana kileleni, wa tatu ukakatiza katikati, na jiwe likaning'inia kwa kamba kutoka juu. Kamba ikigusa katikati ya mti wa kukatiza, miguu yote miwili imekanyaga usawa mmoja. Wakabishana juu ya pembetatu hadi kengele ikalia, na Bwana Sifuri, mtu wa saa, hakuisikia. Wakachomeka vijiti kila miguu ilipolingana, matuta yakafuata alama hizo, na darasa la Kiswahili likapanda upya.

Mvua iliyofuata ilimkuta kila mtu dirishani. Maji yakashuka kwa kishindo, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakatulia. Yakanywewa taratibu na ardhi.

Siku ya wazazi, yule baba akamsikiliza binti yake akieleza kila kitu huku ameshika ile miti. Akaguna, akamgeukia mwalimu.

"Kidude hiki kinaazimwa? Nina kipande nyuma ya nyumba, kila mvua kinanihama."

"Azima, ila urudishe. Bwana Sifuri ana wivu nacho."

Muhula huo Mama Methali akawaambia watoto watunge methali zao wenyewe. Nyingi zilikuwa vichekesho. Mmoja aliandika: *Mvua haimjui rafiki, inaujua mteremko.* Mwalimu akaisoma mara mbili, akaipeleka barazani kwa mwalimu wa hesabu, wakakaa kuijadili hadi chai ikapoa.