Ijumaa ya Makosa

Sista Marta aliomba mabenchi, akapewa ngoma.

Ndivyo ilivyokuwa, wala siongezi chumvi. Mwaka 1965, katika nyumba moja ya masista iliyokuwa juu ya Lushoto, njia ya kwenda Magamba, alikwenda kwa mkuu wa nyumba akaeleza kwa adabu zote kwamba si haki masista Waafrika kukaa mabenchi ya nyuma kanisani, ilhali wamo wenye nadhiri za zamani kuliko Wazungu wa mbele. Mama Mkuu, Mama Adelgunda, alimsikiliza hadi mwisho, akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga. Wiki iliyofuata zikaletwa ngoma tatu kutoka Tanga, na kitenge cha kutandika altareni, na tangazo kwamba tangu sasa Dominika ya kwanza ya kila mwezi zitaimbwa nyimbo za Kiafrika. Masista Wazungu walipiga makofi. Sista Marta, ambaye alikuwa hajapata kushika ngoma maishani mwake, maana alilelewa na Walutheri wa Mlalo waliozitaja ngoma kwa kunong'ona, akapewa ile kubwa.

Mtu mwingine angeshukuru, akapiga ngoma, mambo yakaisha. Lakini huyu alikuwa amezaliwa Zipora, binti wa mzee Sefania, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa. Aliposoma kwa masista, akarudi nyumbani na habari kwamba anataka kuwa Mkatoliki na tena sista, baba yake hakumpiga. Alinyamaza tu. Muda mrefu hakumsemesha, hata wakiwa wameketi chakulani pamoja, alimwambia mkewe, "Mwambie Zipora anipe chumvi." Zipora naye alimpa mama yake chumvi, mama akampa baba. Hakuna aliyeshindwa. Mzee alilainika mwenyewe, akawapelekea masista magunia mawili ya viazi, na msichana akabaki na ukaidi wake alioupata kwa urithi halali.

Mwaka 1957 aliweka nadhiri akapewa jina la Marta. Nimetaja majina kwa sababu. Wazungu wa nyumba ile walikuwa na majina ya malkia na mabinti wa wafalme. Waafrika wengi waliitwa kwa watakatifu wa jikoni.

Enzi hizo Waafrika walikuwa na tawi lao, na shela yao ya buluu, na nyumba yao ya mabati nyuma ya zizi. Mwaka 1960, Uhuru ukinukia kama chakula kinachokaribia kuiva, matawi mawili yakaunganishwa, kila mtu akavaa shela nyeupe, na picha ikapigwa. Vizuri. Lakini katika shirika ukubwa hauhesabiwi kwa mvi wala kwa vyeti. Huhesabiwa kwa siku ya nadhiri. Wakubwa wakaamua kwamba Waafrika wahesabiwe tangu siku ile ya kuunganishwa. Yaliyotangulia yalikuwa, wakasema, ya shirika jingine. Kwa uamuzi huo mmoja Sista Efrazia, aliyeweka nadhiri mwaka 1931, mlezi wa ng'ombe wa nyumba ile tangu ng'ombe wa kwanza, akawa mdogo wa Sista Gizela, aliyeweka nadhiri mwaka 1959 na ambaye mwaka ule Efrazia alipoapa hakuwa amezaliwa.

Benchi peke yake lingevumilika. Kilichomkosesha Sista Marta usingizi ni Ijumaa.

Kila Ijumaa jioni masista walikusanyika ukumbini kukiri makosa. Si dhambi za kumwambia padri. Makosa ya nyumba: sahani iliyovunjika, mlango uliobamizwa, usingizi wakati wa rozari. Mdogo kabisa kwa nadhiri alianza. Alipiga magoti, akasema lake, akapewa malipizi, akatoka nje. Akafuata aliyemzidi, kisha aliyemzidi huyo, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, ambaye alibaki peke yake na Mungu wake. Basi mkubwa alisikia ya wadogo wote, na mdogo hakusikia ya mkubwa hata mara moja. Na yaliyosikika ndani hayakusemwa nje. Hiyo ilikuwa sheria isiyo na mchezo.

Piga hesabu mwenyewe. Waafrika wote walikuwa wadogo. Walikiri, wakatoka, mlango ukafungwa, ndipo Wazungu wakaanza. Wazungu walijua ni nani kati ya Waafrika anayekoroma, nani ana hasira, nani alionja asali. Waafrika hawakuwahi kusikia kosa la Mzungu, hata la kijiko. Marta alisimama kwenye mkutano mmoja akasema mila hiyo ni ya kitumwa na ifutwe. Aliambiwa akasali.

Halafu askofu akaagiza kila nyumba ijitazame juu ya mambo ya rangi. Mama Mkuu akaunda kamati, na mwenyekiti akamfanya nani? Marta. Yeye alipendekeza iitwe Kamati ya Kuondoa Ubaguzi. Kikao cha kwanza chote kiliishia kwenye jina. Neno ubaguzi, walisema, lina ukali, linaumiza, na katika nyumba hii hakuna aliyekusudia kumuumiza mtu. Ikawa Kamati ya Upendo wa Kidugu. Nawaambieni, hakuna kitu kinachochosha kama kupigana na watu wema. Angepewa mwovu mmoja tu, wa kuonekana kwa macho, angelala vizuri.

Kila alipodai jambo alijibiwa unyenyekevu. Akitaja mabenchi, Bwana wetu alikaa mahali pa mwisho. Akitaja nadhiri za Efrazia, ajishushaye atakwezwa. Unyenyekevu katika nyumba ile ulikuwa kama maji ya mfereji wa Magamba. Uliteremka tu, hata siku moja haukupanda. Sista Gizela, ambaye alikuwa kwenye kamati na hakuwa na roho mbaya hata kidogo, alijitolea kumpa Efrazia nafasi yake ya mbele kama zawadi ya Noeli. Akalia aliposema. Marta alikuwa amechoka siku ile.

"Kiti si chako, Sista," alimwambia. "Utampaje mtu kitu chake mwenyewe?"

Gizela akalia zaidi, na kikao kikaahirishwa ili Marta aombe radhi. Akaomba.

Hayo yote angeyameza lau Efrazia mwenyewe angemuunga mkono. Wapi! Marta alimfuata zizini, akampa shikamoo, akamweleza kwa Kishambaa na kwa Kiswahili kwamba yeye ndiye mkubwa wa nyumba nzima kwa nadhiri, kumpita hata Mama Mkuu, aliyeapa mwaka 1934. Mzee aliendelea kukamua. Akasema benchi la nyuma liko karibu na mlango, na mlango uko karibu na ng'ombe. Akasema anamletea fujo uzeeni. Akamwomba amshikie ndoo. Marta akashika ndoo, akitamani kuipiga teke. Unamvusha mtu mto naye anataka kurudi kuchukua kiatu.

Ikaja 1967 na Azimio la Arusha. Redio ilisema usawa asubuhi, mchana na jioni. Makatibu wa TANU walipanda mlima wakihubiri usawa hata kwa wanawake waliokuwa wakipalilia kabichi. Askofu akauliza tena. Wakubwa wa shirika huko ng'ambo nao wakaulizwa, wakajibu. Ndipo siku moja baada ya chakula Mama Adelgunda akasimama na kutangaza kwamba tangu sasa kila sista atahesabiwa tangu siku ya nadhiri zake za kwanza, popote alipoziweka.

Marta alishika ukingo wa meza. Miaka miwili ya kutwanga maji kwenye kinu, na leo unga umetoka.

Lakini Mama Mkuu hakuwa ameketi. Aliendelea kwa sauti ile ile ya upole kwamba, kwa kuwa Mtaguso wa Vatikano umetutaka tuachane na mambo yaliyopitwa na wakati, Ijumaa ya makosa nayo inafutwa. Haitakuwapo tena. Wazungu wakatikisa vichwa kukubali. Na Waafrika, maskini, wakapiga makofi kwa furaha, maana nani alipenda kupiga magoti sakafuni na kusimulia usingizi wake?

Hapo Sista Marta alipiga meza. Hakuwa mtu wa kupiga meza. Ni mara moja tu katika maisha yake, na vikombe vilivyoruka viliishuhudia. Aliona waziwazi mchezo ulivyo, ingawa baadaye hakuwa na hakika kama hata waliocheza waliuona. Hii ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite. Siku Mwafrika alipopata haki ya kubaki chumbani, chumba kinavunjwa.

Mama Mkuu alimkumbusha kwa mshangao wa kweli kwamba yeye mwenyewe Marta ndiye aliyeiita mila ya kitumwa. Ni kweli alisema. Aliichukia Ijumaa ile kuliko wote, na sasa alilazimika kusimama mbele ya watu kuitetea. Kuna kukereka kwa namna nyingi duniani, lakini huko kwa kutetea kitu unachokichukia kunapita mengine yote.

Alisema ifutwe, ndiyo, ila kwanza ifanywe mara moja kwa hesabu mpya. Mara moja tu. Mama Adelgunda akasema polepole kwamba hilo linanuka kisasi. Wengi wakainamisha vichwa, hata Waafrika, na Marta akajua ameshindwa.

Kiti kilisogea kule nyuma. Sista Efrazia alikuwa amesimama, mikono kaificha kwenye mikono ya kanzu kama mwanovisi, msichana anayeanza kufunzwa usista.

"Mama, naomba nijue," alisema.

"Ujue nini, Sista Efrazia?"

"Kama na ninyi mnakosa."

Hakusema kwa kejeli; mzee yule hakujua kejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia ya kwenda Mombo. Muda wote huo Marta alidhani mwenzake anaridhika na benchi la nyuma kwa ajili ya ng'ombe. Kumbe alikaa nyuma kwa kuwa aliamini wale wa mbele hawana la kukiri, na mahali pao ni pale. Mama Mkuu alimtazama mzee, akasema Ijumaa hiyo watakutana, kisha mila itazikwa.

Ijumaa ikafika. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani. Walipanga viti upya, kwa kugonganagongana na kuombana radhi, Waafrika na Wazungu wamechanganyika kama mahindi na maharage. Wasichana wa juzi walikiri wakatoka. Kisha Sista Gizela akapiga magoti, kwa mara ya kwanza mbele ya Waafrika, masikio yake mekundu. Alilosema nimeambiwa nisiliseme. Marta, aliyemzidi kwa nadhiri na ambaye zamu yake ilikuwa bado, alimsikia, akaona aibu kwamba alikuwa amelitamani jambo lile kwa hamu kiasi hicho.

Zamu yake ilipofika alikiri kupiga meza. Mama Mkuu akamuuliza kama anajuta. Akasema anajuta vikombe. Akapewa malipizi mara mbili, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake. Haki ndiyo hiyo: yeye aliyeipigania Ijumaa ile alistahili kusikia watu wachache tu, na wengine wote walimzidi nadhiri.

Akangoja nje kwenye varanda. Wakatoka mmoja mmoja, Wazungu na Waafrika, wakampita kimya. Mwishowe ndani walibaki wawili, Mama Adelgunda na Sista Efrazia. Wakakaa. Ng'ombe wakaanza kulia zizini, wakati wa kukamua ukapita, na mlango haukufunguka. Marta alisali Salamu Maria chache, hakujua anachosema. Kisha Mama Mkuu akatoka, vumbi la sakafu magotini mwa kanzu yake, akaenda zake kanisani bila kumtazama mtu.

Efrazia alitoka baadaye sana, akiufunga mlango taratibu.

"Amesemaje?" Marta alimwuliza kabla hajageuka.

"Mwanangu, sheria unaijua. Niliyoyasikia siyasemi."

Marta karibu alie. Baada ya yote haya! Alimwambia sheria yenyewe inakufa kesho, kwamba hana haja ya siri, anataka kujua jambo moja tu: Mama Mkuu alitaja walivyowatenda Waafrika? Benchi, hesabu ya nadhiri, nyumba ya mabati nyuma ya zizi, miaka yote ile?

Mzee alifikiri.

"Niliyoyasikia siyasemi," alisema. "Nisiyoyasikia hayana sheria. Hilo sikulisikia. Alimaliza yake akataka kuinuka, nikamwambia bado. Nikamngoja. Nilimngoja sana, mwanangu, ndiyo maana ng'ombe wanalia. Hakulisema."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia ainuke, magoti yake mabovu." Akajifunga kitambaa chake cha zizini kiunoni. "Sasa nenda kamwambie Ijumaa isifutwe. Hajamaliza."

Akaondoka kwenda kukamua. Sista Marta alibaki varandani na mila aliyoichukia kuliko zote, aliyokuwa amebakiza saa chache tu kuiona ikizikwa. Alisema neno la Kishambaa ambalo masista hawasemi, akaenda kanisani kumsubiri Mama Mkuu amalize sala.