Gia Kumi na Mbili za Shemeji

Mnoa visu alikuwa na dharau ya mtu anayeingia majikoni mwa watu bila kuvuka kizingiti. Alishika kisu chako mara moja tu, akapitisha kidole gumba juu ya makali, akajua kwamba mnakatia nyama kwenye sahani, mnafungulia makopo, na kwamba nyumbani kwenu wako wengi wanaokula na hakuna anayepika. Alikinoa, akakifuta kwenye paja la suruali, akakurudishia akitanguliza mpini, akijua kabisa kwamba mwezi ujao utakirudisha kikiwa butu vilevile.

Nimekutana na wanoa visu katika miji mingi. Wengine hupuliza filimbi wakiingia mtaani, wengine hugonga kipande cha chuma, na mmoja niliyemjua aliimba vibaya sana mpaka watu wakatoka na visu ili anyamaze. Huyu alikuwa na kengele ya baiskeli tu, na aliipiga mara moja kila mtaa. Asiyesikia, shauri yake.

Baiskeli yenyewe ndiyo ilikuwa karakana. Ilikuwa nyeusi, nzito, ya gia moja, na akiishusha kwenye stendi yake ya chuma gurudumu la nyuma lilibaki likielea. Kutoka kwenye gurudumu hilo mkanda ulikwenda mbele hadi kwenye jiwe la kunolea lililofungwa juu ya usukani. Basi alikaa kwenye kiti palepale, akapiga pedali bila kwenda popote, na jiwe likazunguka. Alipiga pedali kwenda kazini, akafika, akapiga pedali kufanya kazi. Mnyororo wake ulichoka mara mbili ya minyororo ya watu wengine, na mwaka ule ulianza kuruka meno, hasa akipanda mlima, na kila uliporuka goti liligonga usukani. Magoti yenyewe yalikuwa na miaka hamsini na mbili na hayakuhitaji kugongwa.

Yeye na mkewe, ambaye ni fundi cherehani, walikuwa wameweka akiba miaka mitatu kwa ajili ya chumba kimoja karibu na lango la soko. Yeye angenoa mlangoni, mke angeshona ndani. Mwenye chumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na alikuwa amewapa hadi mwisho wa mwezi. Baada ya hapo angempa mtu wa simu na vocha, ambaye kila jioni alipita kuupima mlango kwa hatua zake.

Hapo ndipo alipoingia shemeji.

Shemeji huyu, mdogo wa mkewe, aliuza vipuri vya baiskeli katika duka lenye kuta za vioo, duka ambamo mnyororo hulazwa ndani ya kisanduku chenye sponji kama mkufu wa bibi harusi. Jumapili aliendesha baiskeli na wenzake, wote wakiwa wamevaa nguo za kubana zenye maandishi ya kampuni zisizowajua. Waliendesha kilomita arobaini kwenda kunywa kahawa, kisha wakarudi kilomita arobaini wakiizungumzia. Shemeji alikuwa amenyoa miguu ili asishikwe na upepo. Tumbo alikuwa ameliacha lipambane nao lenyewe.

Alimweleza mnoa visu kwamba tatizo si magoti, ni vifaa. Kuna seti mpya, gia kumi na mbili nyuma, mnyororo mweusi uliotobolewa matundu ili upungue uzito. Umepungua gramu themanini. Mnoa visu akauliza gramu themanini ni kiasi gani. Shemeji akafikiri, akasema ni kama yai moja na nusu. Mnoa visu akalitazama jiwe lake la kilo tisa.

Bei yake, hata kwa punguzo la ndugu, ilikuwa sawa na ile kodi ya miezi sita.

“Shemeji, wewe ni mtu wa kazi,” alisema yule kijana. “Mtu wa kazi hafanyi kazi na takataka.”

“Takataka hii ndiyo iliyomwoa dada yako.”

Lakini usidhani hakutamani. Mtu anayesukuma baiskeli ya chuma mlimani kila Jumatatu na Alhamisi hutamani hata uongo, mradi uongo huo una gia. Akakubali kujaribu siku tatu. Shemeji akaleta gurudumu zima la nyuma, gia zimepangana kama sahani kabatini, akalilazimisha kuingia kwenye ile fremu nyeusi kwa nguvu na matusi ya chinichini.

Siku ya kwanza ilikuwa ya mlimani, na lazima niseme kweli: kile kifaa kilipanda. Mnoa visu alikaa kitini kutoka chini hadi juu, akafika kwenye mageti ya wenye nafasi akiwa na pumzi ya kuwasalimia walinzi. Huko juu ndiko kwenye visu vya bei kubwa kuliko vyote mjini na butu kuliko vyote. Akavinoa, akashuka akipiga mluzi. Jioni akamwambia mkewe kwamba huenda suala la chumba likasubiri kidogo. Mkewe alikuwa akitia zipu kwenye sketi. Akakata uzi kwa meno, akaendelea na zipu.

Siku ya pili ilikuwa ya sokoni, kwa mwuza nyama. Shemeji akaja na simu yake, apige picha za kuonyesha wateja wa dukani. Akamshauri aweke gia ya mwisho, ya kasi kuliko zote, ili watu waone cheche. Na hapo mnoa visu naye akastahili dharau kidogo, maana maisha yake yote alikuwa akiwacheka wanoaji wa cheche. Cheche, alikuwa akisema, ni chuma cha mteja kinachokimbia. Lakini watu walisogea, simu ilikuwa juu, na magoti kwa mara ya kwanza hayakuuma. Akaweka gia ya mwisho.

Jiwe likalia. Cheche zikaruka hadi kwenye mizani. Watu wakafurahi, kama watu wanavyofurahia chochote kinachoharibika mbele yao bila gharama yao. Kisha mnoa visu akasikia harufu aliyoijua, akaacha pedali, akainua kisu. Makali yalikuwa yamegeuka rangi, manjano kwanza, halafu bluu kama petroli juu ya maji. Chuma kikifika rangi hiyo kimekufa, hakishiki makali tena.

Mwuza nyama akakichukua, akakijaribu kwenye mfupa. Makali yakajikunja.

“Fundi,” akasema, wala hakupandisha sauti, “miaka kumi na moja nakuletea kisu hiki. Leo umekipika.”

Shemeji akauliza kama wanaweza kurudia, kwa sababu jua lilikuwa limeingia kwenye picha.

Mchana wote mnoa visu alikaa chini na jiwe la mkono na bakuli la maji, akiondoa sehemu iliyoungua, mpaka kisu kikapungua upana wa kidole. Mwuza nyama akakipokea, akamlipa kama kawaida, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Shemeji akasema kosa ni la gia. Angeweka ya katikati, jiwe lingezunguka kama zamani.

“Yaani ninunue kumi na mbili,” akasema mnoa visu, “ili nitumie ile moja niliyo nayo?”

Asubuhi ya siku ya tatu alipitisha kidole kwenye ule mnyororo mweusi. Kikatoka na tope la kijivu, unga wa jiwe uliochanganyika na mafuta. Tope lile alilijua. Ndilo analotumia kung'arisha nyembe za vinyozi. Lilikuwa limeingia katika kila tundu na lilikuwa linaula mnyororo kwa uhodari mkubwa. Alipombana shemeji, ikabainika kwamba kwenye vumbi la namna hiyo mnyororo ule ungehitaji kubadilishwa kila baada ya miezi michache, na kwamba mnyororo peke yake ulikuwa na bei ya baiskeli nzima iliyotumika. Hilo shemeji alikuwa amesahau kulitaja.

Jioni akaja kuchukua jibu. Akakaa kwenye kiti pekee chenye mikono, akakunja mguu wake ulionyolewa.

“Sawa, kataa yote,” alisema. “Lakini mlima, shemeji, mlima huwezi kuukataa. Uliupanda umekaa.”

Mnoa visu alijua ni kweli. Akayashika magoti yake. Mkewe akasimamisha cherehani.

“Mdogo wangu,” akasema, “tukipata chumba, mlima ataupanda kumfuata nani?”

Shemeji akafungua mdomo.

“Wa mlimani wana magari,” akaendelea dada yake. “Wakitaka visu vyao vikate, watashuka.”

Cherehani ikaanza tena. Shemeji akarudi kwenye gramu zake, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu hela akijua hazitoshi. Mnoa visu akamwambia kwamba kama ni gramu themanini tu, angeweza kuzipunguza palepale tumboni bila kununua kitu. Kutoka kwenye cherehani kikasikika kicheko. Shemeji akalifungua gurudumu lake, akaondoka nalo kifuani, grisi ikimchora kwenye ile fulana yake ya kampuni.

Fundi wa baiskeli aliyekaa chini ya ngazi za ghorofa jirani alimfungia mnyororo mpya wa kawaida, ule mnene, na gurudumu dogo la meno, kwa bei ya kumfanya shemeji aone aibu kama angekuwa nayo. Siku iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, wakalipa kodi ya miezi sita na chumba kikawa chao.

Baiskeli sasa inasimama mlangoni juu ya stendi yake. Tairi la mbele limeisha upepo, na hakuna anayejisumbua kulijaza. Jumapili moja shemeji alipita na wenzake wa kahawa, akasimama, akalitazama lile tairi, akaanza kueleza habari za matairi mapya yasiyotumia tyubu. Mnoa visu akaweka kisu cha mwuza nyama juu ya jiwe, akaanza kupiga pedali bila kwenda popote.