Injini Kubwa ya Jirani

Jirani yangu hapa Toledo ni fundi magari aliyestaafu. Hunawa mikono kabla ya kugusa rangi ya gari, lakini mkate wake wa soseji huula kwa vidole vyeusi vya grisi. Akitafuta boliti iliyojificha, hufumba macho na kuviacha vidole vitambae, na akiipata huiambia, "Kumbe uko huku, mjinga wewe." Kiangazi chote nilimwona akihangaika kuingiza injini kubwa ya silinda nane kwenye gari lake kuukuu aina ya Chevelle, lililozoea injini ndogo. Alikata vyuma, akachomelea, akaiteremsha injini kwa winchi, akaipandisha tena.

Jumapili iliyopita ikawaka. Madirisha yetu yalitetemeka, mbwa wakabweka, nasi majirani tukapiga makofi. Mkewe, Loretta, akatoka ameziba masikio. "Mzee, mpaka kanisani wanaisikia! Mbona umenuna?"

Alimtazama midomo mpaka akamaliza. "Mnaisikia ninyi," akajibu.

Hapo ndipo nilipojua kwamba masikio yake hayasikii tena. Akachukua bisibisi ndefu, akaigusisha ncha kwenye injini iliyokuwa ikinguruma, akauma mpini kwa meno ili mngurumo umpande kupitia mifupa ya kichwa, akatulia. Mabega yakamlegea taratibu, na tabasamu likamjaa usoni huku bado ameuma. Kisha akaufuta mpini kwa shati na kumpa mkewe bisibisi.

"Hebu uma hapa, mke wangu."

Loretta, ndani ya gauni lake jeupe la kanisani, akainama juu ya injini, akauma.