Muuku Niliosema Umekufa

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, watoto wa shule ya Jumapili hupita kwangu kila mmoja na chupa yake ya maji, nami huwapeleka kwenye msitu mdogo ulio mwisho wa shamba langu, pale kilima kinapoanza kushuka kuelekea Tulia. Mwalimu wao aliniomba kazi hii baada ya kugundua kwamba watoto wetu, waliozaliwa Kitui hii hii, wanaweza kutaja tembo na twiga lakini hawajui kutofautisha mti wa muuku na wa mukau. Nilikubali siku hiyo hiyo. Nimekosea mambo mengi maishani, na wanaonijua wanayajua, lakini miti ya upande huu naijua na sioni haya kusema hivyo.

Hatubebi vitabu. Wanavunja jani na kulinusa. Wanaweka sikio kwenye shina upepo ukivuma. Mchezo wanaoupenda kuliko yote ni ule wa leso. Mtoto anafungwa macho, mwenzake anamzungusha mpaka asijue mashariki wala magharibi, kisha anamshika mkono hadi kwenye mti mmoja. Anaupapasa, anaukumbatia kupima unene wake, anatafuta kovu au kifundo. Halafu anarudishwa, anafunguliwa macho na kuambiwa akautafute mti wake. Mchezo mwingine ni wa ukucha. Unashika kijiti cha mti na kukwaruza gamba kidogo tu. Ukiona kijani chini yake, mti uko hai hata kama hauna jani hata moja. Ukiona ukavu mtupu, umekwisha.

Mwaka jana mvua ya Novemba ilitukubali. Kila kitu kilichipua isipokuwa muuku mmoja, karibu na mpaka wa shamba langu na la jirani. Ndio mti uliobeba mzinga wa marehemu baba yangu kwa miaka mingi. Kwetu mti wenye mzinga hauombwi wala haukatwi. Mzinga ukiwa juu, kila mpita njia anajua mti una mwenyewe. Lakini nyuki walihama wakati wa kiangazi, mzinga ukaoza upande mmoja, nami nikaushusha na kuuweka ghalani nikisema nitautengeneza. Sikuutengeneza.

Jirani yangu, mzee wa rika langu, alinikuta nimeketi nje nikitia mpini kwenye jembe. Aliniambia nguzo za jiko la mke wake zimeliwa na mchwa na jiko lenyewe limeinama. Kwa kuwa ule muuku hauna mzinga tena, na unaonekana umekufa, je, angeweza kuuchukua? Niliutazama kutoka pale kitini. Macho yangu siku hizi hayafiki mbali, lakini niliona matawi meupe na hilo likanitosha. Nikamwambia umekufa huo, achukue. Alishukuru sana, akaenda soko la Kabati kupatana na mtu mwenye msumeno wa injini, aje Jumatatu.

Jumamosi iliyotangulia Jumatatu hiyo, watoto walicheza mchezo wa leso. Mjukuu wangu, msichana aliyeletwa kwetu kutoka Makueni mama yake alipopata kazi ya mbali, alifungwa macho na kupelekwa kwenye mti ambao mimi sikuufuatilia ni upi. Nilikuwa nikimsaidia mtoto aliyechomwa na mwiba. Mjukuu wangu alipofunguliwa macho hakuhangaika. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye ule muuku, akainua mkono hadi mahali waya wa mzinga ulipokuwa umekata gamba zamani.

"Ni huu," akasema. "Nimelishika kovu lake."

Wenzake walimpigia makofi. Nikawaambia amefanya vizuri, lakini waupungie mkono mti huo, kwa sababu Jumatatu utakatwa. Umekufa.

 Mjukuu wangu alivuta tawi la chini la upande wa mlimani na kulikwaruza kwa ukucha, kama nilivyowafundisha. Kisha akanigeukia.

"Babu, wewe uliukwaruza?"

Nilisogea nikainama. Chini ya gamba palikuwa na kijani kibichi, chenye unyevu. Nikakwaruza kijiti kingine, na kingine. Upande wa bondeni ulikuwa mkavu kabisa, mchwa wamepanda mpaka kwenye tagaa. Upande wa mlimani ulikuwa hai.

Sikuwa na mahali pa kujificha. Mtihani ule ni mimi niliyewafundisha, na mti wa baba yangu ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Nikawaambia sikuukwaruza.

Mvulana mmoja mwenye akili ya haraka alikuwa ameshapata dawa. "Babu, si tuupandishe ule mzinga leo? Huyo mzee akija Jumatatu atakuta mti una mwenyewe."

Walicheka wote, na sitadanganya, wazo lilinipendeza. Kamba ninayo, mzinga uko ghalani, na jirani asingethubutu kuugusa. Lakini niliona watakachojifunza. Watajua kwamba mzinga, ambao baba zetu waliuheshimu, ni ujanja wa kumpokonya mtu kitu ulichompa mwenyewe. Nikawaambia hapana, kwanza nitaenda kuomba. Niliwaagiza wanisubiri. Walinifuata.

Tulimkuta jirani amekwisha chimba mashimo ya nguzo. Mke wake alikuwa akipika nje, sufuria juu ya mawe, kwa sababu jiko halikuwa la kuingilia tena. Nilisema nilichokuja kusema bila kuzunguka: mti nilimpa kwa kosa, uko hai nusu, na naomba anirudishie.

Alijiegemeza kwenye sururu.

"Ulinipa ukiwa umeketi," akasema. "Leo unanipokonya ukiwa umesimama. Na umekuja na jeshi."

"Jeshi ndilo lililonileta."

"Na jiko nilisimamishe na nini, mzee? Nguzo nitatoa wapi kabla ya Jumatatu?"

Mke wake, ambaye watoto wote humwita susu, yaani nyanya, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria kwamba yeye hajali mti ni upi, mradi Krismasi isimkute akipika juani kama mchunga ng'ombe.

Nilikuwa na miti miwili ya mukau nyuma ya nyumba, niliyoipanda mwenyewe na kuipogoa ikanyooka. Niliiweka kwa ajili ya milango ya nyumba yangu, maana ile ya sasa ni mabati tu. Nikamwambia achukue yote miwili, pamoja na upande mkavu wa muuku. Alijua ni mti wa thamani gani. Akaelekeza kidole kwa watoto.

"Sawa. Lakini waambie hawa nani alisema mti mzima ni maiti. Wasije wakafikiri ni mimi."

"Ni mimi," nikasema. "Niliuhukumu nikiwa kitini."

"Basi," akasema jirani. "Pandisha mzinga wako."

Jumatatu msumeno ulilia nyuma ya nyumba yangu. Nilishika kamba mwenyewe ili mikau iangukie upande wa wazi. Iliniuma, lakini sijutii hiyo. Ninachojutia ni zile hatua chache ambazo sikuzitembea.

Jumamosi iliyofuata niliziba ule upande uliooza wa mzinga kwa ubao, na watoto wakavuta kamba wakiimba mpaka ukakaa mahali pake, juu ya lile kovu. Nyuki hawajaja bado. Watakuja, kwa sababu upande wa mlimani sasa una majani. Jiko la susu limesimama wima. Milango yangu bado ni mabati, na upepo ukivuma inapiga kelele usiku.

Siku hizi, tukifika mbele ya mti wowote mtupu, watoto hawaniulizi kama uko hai. Wananiletea kijiti na kusubiri nitoe ukucha.